Nyimbo Nne, Inchi Saba: Namna ya Kutoa Santuri Fupi ya Panki kwa Hela Zenu Wenyewe

Tarehe 28 Desemba 1976, Krismasi ikiwa haijapoa, vijana wanne wa Manchester, Uingereza, waliingia studio ya Indigo kwa mradi wa pauni 500 walizokopa kwa jamaa na marafiki. Walipiga kwa saa tatu hivi, wakachanganya sauti kwa saa mbili, wakaenda zao. Bendi iliitwa Buzzcocks, ya panki (punk, roki fupi ya kasi na kelele). Tarehe 29 Januari 1977 santuri yao, Spiral Scratch, ilikuwa inauzwa: nyimbo nne, nakala 1,000, chini ya lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, waliyoibuni wenyewe na kuiita New Hormones. Hawakuomba ruhusa kwa kampuni yoyote ya London. Hadi inaadimika madukani ilikuwa imeshauza nakala kama 16,000.

Mwezi mmoja kutoka studio hadi dukani. Leo hampati hilo. Foleni ya kiwandani peke yake hula miezi mitatu, minne, wakati mwingine zaidi. Lakini mengine yote waliyoyafanya wale vijana bado yanafanyika vilevile, na ndiyo maana nitawarudia mara kwa mara humu. Bendi yetu ya Nairobi imetoa santuri mbili za namna hii. Ya kwanza tuliiharibu, na nitasema wapi. Ya pili ilienda sawa kwa sababu tulipanga kutoka mwisho: tulianza na sahani yenyewe, tukarudi nyuma hadi studio. Bendi nyingi hurekodi kwanza, halafu ndipo huuliza kiwanda kinataka nini. Huko ni kushona suti kabla ya kupimwa.

Hatua ya 1: Pimeni dakika

Waliokulia na santuri za benga na rumba wanalijua hili bila kufundishwa. Wimbo wa dakika nane haukuenea kwenye santuri ndogo, kwa hiyo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza unasikia mashairi, unainuka, unageuza, na upande wa pili ndipo magita yanapochanganya. Lebo ya karatasi katikati ya santuri iliandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Hayakuwa madoido. Inchi saba zina mwisho wake.

Kwa mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja hubeba dakika nne na nusu kwa raha. Kwa mizunguko 33, dakika sita hivi. Mnaweza kubana zaidi, lakini mtalipa kwa sauti. Sauti ikiwa kubwa, mfuo ambamo sindano hupita huyumba zaidi. Ukiyumba unataka nafasi pana, na nafasi ndiyo hiyo haipo. Jazeni dakika sita na ushei kwenye 45 na fundi anayekata mfuo kwenye sahani atalazimika kushusha sauti ya kila kitu. Mtapokea santuri ya panki inayosikika kama inapigwa nyumba ya jirani.

Uzuri ni kwamba panki haina maneno mengi. Nyimbo nne za dakika mbili mbili huingia mbili kila upande, na bado panabaki sekunde za kuvuta pumzi. Minor Threat wa Washington, mwaka 1981, waliweka nyimbo nane kwenye santuri yao ya kwanza ya inchi saba, na hakuna hata mmoja uliofika dakika mbili. Kama mna wimbo wa dakika nne wenye utangulizi mrefu wa gita, uwekeni kando. Si kwamba ni mbaya. Utakula upande mzima.

Mkishachagua, pangeni mfuatano mkijua jambo moja la kifizikia. Sahani huzunguka kwa mwendo uleule, lakini mfuo wa nje una mzingo mrefu kuliko wa ndani. Kwenye 45 ya inchi saba, sindano husafiri karibu sentimita 40 kwa sekunde inapoanza, na karibu 25 tu inapokaribia lebo. Kadiri inavyoingia ndani, ndivyo sauti kali zinavyokosa nafasi ya kuandikika: matoazi huanza kukwaruza, na herufi “s” ya mwimbaji hugeuka mate. Kwa hiyo wimbo wenye matoazi mengi na kelele nyingi uwe wa kwanza kila upande. Wa pili uwe ule mzito, wa besi na ngoma. Watu hupenda kumalizia na mlipuko. Kwenye santuri, mlipuko wa mwisho huungua.

Hatua ya 2: Hela, na nakala ngapi

Gharama ziko za aina mbili. Kuna zisizobadilika hata mkichapa nakala moja: studio, kuandaa masta (rekodi ya mwisho iliyosawazishwa), kukata mfuo, kutengeneza mihuri ya chuma, kuandaa mashine. Halafu kuna zinazoongezeka kwa kila nakala: plastiki, lebo za karatasi, jalada, mfuko, uzito wa usafirishaji. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, zisizobadilika ni euro 600 na kila nakala ni euro 1.50. Mkichapa 100, kila moja imewagharimu euro 7.50. Mkichapa 300, inashuka hadi 3.50. Mkichapa 500, ni 2.70.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mtatazama ile 2.70 na kusema, basi tuchukue 500. Msichukue. Kutoka 100 kwenda 300 mmeokoa euro nne kwa kila nakala. Kutoka 300 kwenda 500 mmeokoa senti 80, na mmejipatia masanduku mawili ya kulala nayo chumbani. Bendi isiyo na ziara ya kimataifa haiuzi 500. Mia tatu zinatosha. Mia mbili, kama kiwanda kinakubali, zinatosha zaidi.

Hela zenyewe zitoke wapi? The Teen Idles, vijana wa shule wa Washington, walikuwa wakitunza pamoja malipo yao ya maonyesho badala ya kugawana. Bendi ilipovunjika mwaka 1980 kulikuwa na dola kama 600. Wangeweza kugawana kila mtu akaenda na chake. Badala yake walichapa santuri ya nakala 1,000, na hapo ndipo lebo ya Dischord ilipozaliwa. Bendi haikuwepo tena, santuri ikawepo. Nasi tulifanya vivyo hivyo kwa namna ya chama: kila onyesho, kabla ya mtu kununua hata soda, theluthi mbili ziliingia kwenye akaunti ya simu ya mpiga ngoma wetu, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakopi.

Andikeni kwenye karatasi, kabla ya yote, nani ametoa kiasi gani na atarudishiwa lini. Na amueni sasa, si baadaye, nyimbo ni za nani: za bendi nzima kwa mafungu sawa, au za aliyetunga. Nimeona marafiki wa utotoni wakinuniana kwa ajili ya santuri iliyoingiza faida ya kununua kuku wawili.

Hatua ya 3: Studio, siku moja

Zoezi ndilo la bei nafuu, studio ni ya saa. Ingieni mkiwa mmezipiga zile nyimbo nne hadi mmezichoka, maana mkizichoka ndipo mikono inapojua kazi yake bila kichwa. Rekodini kwa kupiga wote pamoja, sauti ya mwimbaji ikiongezwa baadaye kama chumba hakiruhusu. Panki ikirekodiwa kipande kipande hukaa kama mkate uliokatwa kwa rula.

Nyuma ya jalada la Spiral Scratch wameandika, kwa kila wimbo, hilo ni pigo la ngapi (mara ya ngapi kuupiga studioni) na kama kuna kilichoongezwa juu yake. Msikilizaji anaona kwa macho yake kwamba wimbo fulani ni pigo la kwanza na gita moja la nyongeza, basi. Aliyesimamia kurekodi alikuwa Martin Hannett, akijiita Martin Zero wakati ule, ambaye baadaye alipata jina kubwa kwa kazi zake na bendi ya Joy Division. Siku ile naye alikuwa anajifunza, na hakuna aliyejua zaidi ya mwenzake.

Siku yenyewe ipangeni hivi. Saa mbili za kwanza zitaenda kwenye ngoma, kuzifunga na kuziwekea maikrofoni, hata kama fundi amewaambia nusu saa. Pigeni kila wimbo mara tatu, msizidishe. Mara ya tano huwa safi lakini imekufa. Chagueni papo hapo, wote mkiwa chumbani, wala msiseme “tutasikiliza nyumbani”. Mkitoka, ondokeni na faili zote, kila chombo peke yake, kwenye diski yenu. Studio hufunga, kompyuta huibwa.

Mambo mawili mwambieni fundi kabla hajaanza kuchanganya, kwa kuwa wengi wamezoea kazi ya intaneti tu. Kwanza, besi na ngoma kubwa zikae katikati kabisa, zisitawanywe kushoto na kulia. Sauti nzito ikitofautiana kati ya pande mbili huifanya sindano irushwe juu na chini, na sindano inayorushwa hutoka kwenye mfuo. Pili, achunge “s” na “sh” za mwimbaji. Kiswahili kina “sh” nyingi kuliko mnavyodhani. Wimbo wetu wenye kiitikio cha “shida” ulituchukua saa nzima.

Hatua ya 4: Masta ya santuri si ile ya intaneti

Ile masta mtakayoweka mtandaoni imebanwa ili ishindane na nyimbo nyingine kwa ukubwa wa sauti. Mkiipeleka ikatwe hivyo, haitakuwa kubwa zaidi. Itakuwa bapa na yenye mikwaruzo, kwa sababu ukubwa wa santuri huamuliwa na mkataji pamoja na zile dakika mlizopima mwanzoni. Ombeni masta mbili. Ya santuri iachwe na nafasi ya kupumua.

Kiwanda kinataka faili mbili tu, moja kwa kila upande, za WAV zenye biti 24, nyimbo zikiwa zimeshapangwa na kimya kati yake kikiwemo ndani. Msitume nyimbo nne na ujumbe “mtazipanga”. Pamoja na faili, tumeni karatasi inayosema: namba ya santuri, upande, jina la kila wimbo, unaanza dakika ngapi sekunde ngapi, jumla ya upande, na mizunguko ni 45 au 33. Mizunguko iandikeni pia kwenye lebo. Kuna santuri duniani ambazo hadi leo watu hubishana zipigwe mwendo gani.

Namba ya santuri mnaibuni wenyewe: herufi za lebo yenu na 001. Mkiona aibu kuandika 001, anzeni na 007, hakuna anayekagua.

Hatua ya 5: Kiwandani

Inafaa mjue kinachotokea huko, kwa sababu kila neno lililomo kwenye ankara linatokana na kazi fulani, na asiyejua kazi hizo hulipa mara mbili.

Fundi huchukua sahani ya alumini iliyopakwa lakeri laini, akaikata mfuo kwa sindano ya yakuti huku sauti yenu ikipita. Sahani hiyo hupuliziwa fedha nyembamba, ikatumbukizwa kwenye bafu la umeme, nikeli ikajijenga juu yake. Nikeli ikibanduliwa ni kinyume cha santuri, yaani mfuo umekuwa tuta. Huo ndio muhuri. Kwa kazi kubwa hutengenezwa hatua nyingine mbili katikati ili mihuri iwe mingi. Kwa nakala 300, muhuri mmoja kwa kila upande unatosha, maana hustahimili mikandamizo mia kadhaa hadi elfu hivi. Ukiona ankara ya nakala 300 imetaja hatua zote, ulizeni kwa nini. Njia nyingine ni kukata moja kwa moja kwenye shaba badala ya lakeri, na hapo hatua moja hupungua. Sauti yake ni kavu na kali kidogo, na kwa panki mimi sioni ubaya.

Mwezi Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kule Banning, California, kiliteketea kwa moto. Kilikuwa kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyotegemewa kwa sahani hizo za lakeri. Kingine kiko Japani. Tangu hapo mafundi wengi wamezoea kuuliza kwanza kama lakeri ipo kabla ya kuahidi tarehe. Ulizeni na ninyi.

Kukandamiza kwenyewe ni kazi ya nusu dakika: bonge la plastiki moto, lebo ya karatasi juu na nyingine chini, mashine inafunga, inafunguka. Lebo haibandikwi kwa gundi. Joto na shinikizo ndivyo vinavyoishika. Ndiyo maana hamwezi kuchapa lebo zenu mtaani na kuzituma. Mkitaka kubana matumizi, agizeni lebo nyeupe tupu na mzipige mhuri wa mpira wenyewe mkishapokea. Zinapendeza kuliko za rangi, nasema kwa dhati.

Viwanda vikubwa viko Ulaya na Marekani. Kikubwa kuliko vyote, GZ Media, kiko Loděnice katika Jamhuri ya Cheki. Mnaweza kwenda moja kwa moja au kupitia dalali. Dalali huongeza chake, lakini hukusanya bendi ndogo kumi akaingia foleni kama mteja mmoja mkubwa, na hujibu barua pepe. Kwa santuri ya kwanza mimi ningemlipa dalali.

Kama mnataka nakala 30 tu, achaneni na kiwanda. Wapo mafundi wanaokata nakala moja moja, papo kwa papo, kwenye plastiki ngumu: wimbo wa dakika mbili unakatwa kwa dakika mbili. Sauti ni hafifu kidogo na bei ya kila nakala ni kubwa, ila hakuna gharama ya muhuri na hamna sanduku litakalobaki.

Kitu kidogo cha raha: karibu na lebo kuna pete tupu ambako mkataji huandika namba kwa mkono. Mwombeni aongeze maneno yenu. Yetu, upande wa kwanza inasema “geuza”, upande wa pili “nimesema geuza”.

Hatua ya 6: Karatasi za haki

Kiwanda hakitachapa bila hati inayosema nyimbo ni za nani. Kama zote mmetunga wenyewe na hakuna kati yenu aliye mwanachama wa shirika la watunzi, ni fomu ya kusaini. Kama yupo mwanachama, shirika lake lazima liarifiwe, hata kama wimbo ni wake mwenyewe. Ujerumani, GEMA, shirika la watunzi la huko, hawana mchezo na hilo. Kama mmepiga wimbo wa mtu mwingine, leseni hulipwa kabla. Kabla ya yote hayo, sajilini kazi zenu kwenye ofisi ya hakimiliki: Kenya ni KECOBO, Tanzania ni COSOTA. Si kazi ngumu. Inachosha tu.

Hatua ya 7: Nakala za majaribio, na tulivyojiponza

Kabla ya kuchapa mzigo wote, kiwanda hutuma nakala chache, tano kwa kawaida, zenye lebo nyeupe. Mnasikiliza, mnasema sawa au si sawa. Mkishasema sawa kwa maandishi, lolote litakalokuwa humo ni lenu.

Zetu zilikwama forodhani wiki mbili. Kiwanda kilikuwa kinatukumbusha kila siku mbili kwamba foleni inasonga. Tukapata akili ya haraka: kiwanda kitume nakala moja kwa rafiki yetu aliyekuwa huko Ulaya, aisikilize. Akaisikiliza. Akatutumia ujumbe wa maneno mawili: “Iko poa.” Tukajibu kiwanda kwamba iko poa.

Masanduku yalipofika tukafungua moja, tukaweka upande wa pili. Tk. Tk. Tk. Kila mzunguko, mlio mmoja, wimbo mzima wa kwanza. Nakala ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Zote 300. Rafiki yetu alikuwa amesikiliza upande mmoja, kwenye gramofoni ya sanduku yenye spika ya ukubwa wa kikombe, huku anapika. Simlaumu. Kazi ilikuwa yetu, tukamsukumia mtu aliyekuwa anakaanga vitunguu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Sikilizeni nakala zote tano, pande zote mbili, mwanzo hadi mwisho, kwenye gramofoni mbili tofauti, na angalau moja iwe ya maana. Mmoja wenu asikilize kwa vipokea sauti vya masikioni. Wekeni daftari. Mkisikia mlio, andikeni wimbo, dakika na sekunde, kisha jaribuni nakala nyingine mahali palepale. Ukiwa kwenye nakala moja tu, ni vumbi au mkwaruzo, achaneni nao. Ukijirudia kwenye zote mahali palepale, tatizo liko kwenye muhuri, na hamna budi kukataa. Kwenye 45, mlio unaojirudia kila baada ya sekunde moja na theluthi ni kasoro inayovuka mfuo mmoja hadi mwingine, kama yetu.

Tazameni pia kama tundu liko katikati. Mkiona mkono wa sindano unayumba kushoto na kulia kama mlevi, na noti ndefu inapanda na kushuka, tundu limekwenda upande.

Kukataa kunagharimu wiki kadhaa. Kataeni.

Hatua ya 8: Jalada

Sahani ina kipenyo cha sentimita 17.5. Jalada la kukunja, ambalo ndilo rahisi, ni karatasi ya sentimita 18 kwa 36 iliyokunjwa katikati na kutiwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na santuri. Karatasi ya A3 inatoa jalada moja, na vipande vinavyobaki vinatosha stika na karatasi ya mashairi. A4 haifiki, msijidanganye. Marekani wana karatasi ya ofisi yenye urefu wa inchi 14, saba mara mbili, na bendi nyingi za kule zimeponea hapo: fotokopi, kunja, kata pembeni, umemaliza.

Vijana wa Dischord walibandua jalada la santuri ya Uingereza, wakaona lilivyokunjwa, wakalichora kwa kulifuatisha, kisha wakakata na kugundisha kwa mkono, sebuleni, marafiki wakisaidia. Buzzcocks walitumia picha ya kamera ya Polaroid iliyopigwa na meneja wao Richard Boon, wakiwa chini ya sanamu pale Piccadilly, Manchester. Nyeusi na nyeupe. Rangi moja inapunguza gharama, na wino mweusi juu ya karatasi ya rangi (ile ya matangazo ya mazishi na harambee) ni nusu ya usanifu wote wa panki.

Nairobi sisi tulichapa River Road, ambako wanachapa kila kitu na hawaulizi maswali. Pelekeni karatasi moja ya mfano iliyokunjwa tayari, santuri ikiwa ndani, na msimame pale hadi nakala kumi za kwanza zitoke. Fundi wetu aligeuza upande wa nyuma juu chini kwa sababu hakuambiwa karatasi inakunjwa wapi.

Nyuma ya jalada, andikeni gharama. Bendi ya Scritti Politti walifanya hivyo mwaka 1978 kwenye santuri yao ya kwanza: studio kiasi fulani, kukata kiasi fulani, kuchapa kiasi fulani, hadi lebo. Aliyenunua alijua papo hapo kwamba naye anaweza, na kwa bei gani. Mwaka uliotangulia Desperate Bicycles wa London walikuwa wametoa yao ya nakala 500 kwa pauni 153. Takwimu zile zilifanya kazi kuliko hotuba. Sisi tuliandika zetu kwa shilingi, pamoja na “mandazi na chai, siku ya kukunja: 640”.

Hatua ya 9: Kuuza

Msitangaze tarehe ya kutoa hadi masanduku yawe ndani ya nyumba yenu. Nyumba yenu, si bandarini wala uwanja wa ndege. Kenya kuna VAT ya asilimia 16, Tanzania 18, na inahesabiwa pamoja na nauli ya mzigo, mbali na ushuru mwingine. Wekeni hela hizo kando tangu hatua ya pili. Sisi hatukuweka, tukauza amplifaya ya besi.

Semeni ukweli kuhusu wanunuzi wenu. Kwenye maonyesho ya Nairobi, wanaonunua wengi hawana gramofoni. Wananunua kama wanavyonunua fulana, kwa hiyo ndani ya jalada wekeni karatasi yenye msimbo wa kupakua nyimbo kutoka tovuti ya Bandcamp. Wenye gramofoni wako Berlin, Leeds, Tokyo, na nauli ya posta kutoka Afrika Mashariki hupita bei ya santuri yenyewe. Dawa yake tuliigundua kwenye santuri ya pili: kiwanda kigawe mzigo. Nakala 150 zilikuja kwetu, 150 zilibaki kwa mtu wetu Ulaya, naye anatuma kila oda inapoingia. Tukakwepa pia nusu ya ushuru. Rafiki ni yuleyule wa vitunguu, kutuma anaweza.

Kwenye posta, santuri iliyo ndani ya jalada hukaa kati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu, vyenye mistari ya ndani iliyopishana, kimoja wima, kingine ulalo, ili isikunjike upande wowote.

Madukani achieni tano, si zaidi, kwa mali kauli, na muandike kwenye daftari mwenye duka akisaini. Buzzcocks waliuza kwa posta na kupitia maduka yaliyowaamini, likiwemo Rough Trade la London, lililokuwa halijatimiza hata mwaka. Nakala za redio zitumeni mapema, kwa mtangazaji anayepiga muziki wa aina yenu kwa jina lake, wala si “kwa kituo”. Tengeni 30 za kutoa bure, na 10 msiziguse kabisa. Baada ya miaka mitano mtazitaka.

Zilizobaki zisimame wima, msizilaze kwa mrundo. Ziwekeni mbali na dirisha. Sanduku likisahaulika ndani ya gari Mombasa mchana mmoja wa Februari, mtatoa bakuli.

Mwisho, muulizeni mtengenezaji anatunza mihuri kwa muda gani, na ni ya nani. Spiral Scratch ilichapwa tena mwaka 1979 na ikaingia chati za Uingereza, ikafika nafasi ya 31. Kama mihuri ipo, kuchapa tena ni kulipia plastiki na karatasi. Kama imeyeyushwa, mnaanza upya na gharama zote zisizobadilika.

Yetu ya kwanza hatukutaka muhuri wake uhifadhiwe. Nakala zile zenye “tk” tulizipunguza bei, tukazipiga mhuri wa mpira kwenye jalada: “Mlio upande wa pili umo bure.” Zilikwisha kabla ya zile nzuri za santuri ya pili.